Besi ya Rustamaji

Rustamaji aliweka glasi ya kahawa juu ya spika, akarudi nyuma hatua mbili, akaikazia macho. Kahawa ilitetemeka, lakini haikumwagika.

"Mas Prasojo, hii umetengeneza ya kubembelezea mtoto? Ongeza besi."

"Nikiongeza, Pak, hautakuwa wimbo tena. Litakuwa tetemeko."

"Hilohilo tetemeko ndilo nililofuata. Mwaka jana wale wa kijiji cha juu waliangusha vigae kwenye nyumba kumi na moja. Mimi, na malori yangu manne, nyumba saba. Mwaka mzima nikienda kunyoa wananicheka. Ongeza."

Prasojo akaongeza. Angefanya nini? Studio ile aliifungua arekodi keroncong, zile nyimbo za taratibu za gitaa ndogo na fidla, alizolala nazo tangu ananyonya, maana mama yake alikuwa mwimbaji. Sasa hakuna aliyekuja kurekodi keroncong. Waliokuja ni wenye malori ya spika yanayopita vijijini kila Agosti kwa sherehe za uhuru, na kila mmoja alitaka mdundo wa kupasua vioo. Prasojo aliuchukia muziki ule kwa moyo wake wote. Aliutengeneza vizuri kuliko mafundi wote wa wilaya, na hilo lilimuudhi zaidi.

Kahawa ikamwagika. Rustamaji akachekelea na kuifuta kwa mkono wa shati.

"Nina ombi moja, Pak," Prasojo alisema. "Mkifika kona ya msikiti, punguzeni. Nyumba ya mama yangu iko pale. Ana miaka sabini na nane, moyo wake mbovu. Daktari amesema asishtuliwe."

"Bu Wagiyem? Mbona ameshaweka kidole gumba?"

Rustamaji akatoa karatasi mfukoni. Kila nyumba ya njiani hukubali kwa maandishi kwamba haitalalamika kitu kikivunjika. Bila hivyo malori hayapewi kibali.

"Nilimpa karatasi, akaisoma yote, akabonyeza. Na ndizi za kukaanga akanifungia."

"Hakuelewa. Siku hizi kila kitu anaitikia ndiyo."

"Basi mhamishe siku moja. Nikipunguza kwako, Mas, kesho nusu ya kijiji wana mama wagonjwa."

Jioni Prasojo alimpigia mama yake nyimbo, kama kila jioni tangu baba yake alipofariki miaka minne iliyopita. Zilikuwa rekodi za mama mwenyewe enzi za ujana wake, alizozisafisha mkwaruzo mmoja baada ya mwingine. Katika kazi zake zote, hiyo ndiyo pekee aliyoionea fahari. Bu Wagiyem alifumba macho, akatabasamu, akawa anapigapiga goti kwa kiganja. Kiganja kilichelewa nyuma ya mapigo. Uzee huo, Prasojo aliwaza, na roho ikamuuma.

Wimbo ulipokwisha alimshika mkono. "Bu, kesho utaenda mjini Blitar kwa dada. Muziki wao utakuua."

Mama alimtazama usoni mpaka akamaliza. "Ndiyo, Le," alisema. Le ndivyo akina mama wa huko wanavyowaita watoto wao wa kiume, hata wakiwa na mvi.

Asubuhi, Prasojo alipokuwa akitoa vioo vya madirisha visije vikapasuka, alimuuliza bila kugeuka kama amefunga mkoba. Kimya. Akauliza tena. Kimya. Amenuna, alijiambia, na ana haki ya kununa. Mtu anafukuzwa nyumbani kwake kwa kelele zilizopikwa na mwanawe. Alimpandisha mwenyewe kwenye gari la kukodi, akafunga mlango, akasimama barabarani mpaka gari lilipopotea. Kisha akaenda studio kujificha.

Saa nane mchana dereva alipiga simu. "Mas, mama yako kashuka sokoni, eti anataka maji. Nimegeuka, hayupo. Nimemtafuta tangu asubuhi, ndio sasa wananiambia alipanda bodaboda, karudi huko."

Prasojo alikimbia. Kabla hajafika barabara kuu aliuhisi wimbo wake ukimpanda kutoka kwenye nyayo. Malori yalikuwa yameshasimama kwenye kona ya msikiti, vijana wakicheza mbele yake, vumbi likimwagika kutoka kwenye mapaa. Kigae kilidondoka, watu wakashangilia. Aling'ang'ania mlango wa lori la kwanza, akapiga kelele mpaka koo likakwaruza. Ndani, Rustamaji alimwonyesha pamba alizozibia masikio, akamwinulia dole gumba.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Kitanda kitupu, jikoni hakuna mtu. Prasojo aliita, wala sauti yake mwenyewe hakuisikia. Akatoka nje akiwa na hakika kwamba ameshamuua mama yake, na kwamba amemuua kwa mikono yake miwili, pale kwenye kiti chake cha kazi, huku analalamika.

Akamwona. Alikuwa nyuma ya lori hilohilo, kifua na viganja vyote viwili vimegandamizwa kwenye sanduku la spika, macho yamefumbwa, machozi yakimtiririka. Prasojo alimvuta mabega. Hakubanduka. Akamvuta tena, akilia sasa na yeye, na yule bibi mwembamba akakaza mikono kwenye mbao kuliko alivyowahi kukaza kitu.

Rustamaji alichungulia dirishani, akamwona bibi kwenye spika, akaingiwa na hofu. Akazima muziki wote.

Kijiji kizima kikanyamaza. Bu Wagiyem alifumbua macho, akautazama mdomo wa mwanawe.

"Mbona wamezima, Le?" alisema kwa sauti ya juu mno, kila mtu akasikia. "Waambie waendelee. Tangu baba yako afariki, huu ndio wimbo wa kwanza niliousikia."