Grafu Iliyonyooka

"Kama hesabu zimekushinda, Mama Mwalimu, si useme tu!" Seremala alifoka mlangoni pa jirani yake, na mtaa mzima ulikuwa umeshatoa vichwa madirishani. "Mwanangu kapata sifuri kwa grafu uliyomfundisha wewe!"

"Punguza sauti, baba. Hebu lete hilo daftari."

Jirani akaweka kidole kwenye jedwali. "Hivi vijiti viwili vilivyosimama kando ya namba vinaondoa hasi. Ukiweka hasi tatu, unapata tatu. Grafu inashuka mpaka sifuri, halafu inapanda tena. Sasa nani kazirudisha hizi hasi?"

Seremala akainama. Alama hizo za hasi zilikuwa nene, zimekandamizwa mpaka karatasi ikatoboka. Penseli bapa iliyoziandika ilikuwa bado imechomekwa nyuma ya sikio lake. Jana yake alimkaripia binti yake, grafu gani hiyo inayopinda, akazirudisha hasi na kuinyoosha mwenyewe.

"Ni mimi," binti alidakia nyuma ya baba yake, macho chini. "Nilikosea mwenyewe."

Dirishani mtu alicheka.

Jirani aliitazama ile penseli, kisha akamtazama Seremala, akasogea pembeni mlangoni.

"Ingieni tule, baba. Chakula kinapoa."