Basi la Mwisho la Ijumaa

Saa tisa na dakika hamsini alasiri, mjane wa Oddvar alishika simu ya mumewe. Pembeni pa kioo palikuwa na tone la nta ya skii, zile mbao za kutelezea thelujini, limeganda na alama ya kidole gumba cha marehemu.

Kwenye jukwaa la mtandaoni la watelezaji wa thelujini, mama mmoja kutoka Bergen aliuliza jinsi ya kufika milimani jioni hiyo na wanawe wawili. Walikuwa tayari kwenye treni, ambayo ingefika stesheni saa kumi na moja na dakika tano.

"Soma maelezo ya Oddvar," alijibiwa. "Mzee huyo hakosei hata dakika."

Oddvar alikuwa ameandika kwamba basi la mwisho huondoka stesheni saa kumi na mbili na robo.

"Basi tutakula soseji kwanza," mama aliandika. "Tuna saa nzima."

Tangu Januari basi hilo lilikuwa likiondoka saa kumi na moja na robo. Nje baridi ilikuwa nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri.

Kwa akaunti ya mumewe, mjane aliisahihisha saa ya basi, kisha akaongeza: "Msile kwanza. Mkishuka tu, pandeni basi."

"Asante, Oddvar. Umetuokoa."

Mwingine akadakia: "Kumbe upo, mzee? Miezi minne kimya, tulishakuzika. Pasaka unakuja, au magoti yamegoma?"

Mazishi yalikuwa Novemba. Jukwaani hakuna aliyeambiwa.

Aliweka kidole gumba chake juu ya nta. Alama ile ilikizidi pande zote.

Saa kumi na dakika mbili, ukurasa ulionyesha: Oddvar anaandika.