Mei ya Mwaka Jana

Fereti alipandisha gari la kukodi juu ya kisakafu kipya cha simenti, chini ya mshelisheli, akazima injini. Wafanyakazi walikuwa mlangoni mwa duka. Mmoja alimkimbilia huku ameinua mkono, lakini Fereti alimwashiria arudi kazini.

"Hapa pana kivuli kizuri," alisema. "Nyinyi mnapaacha bure, mnapazunguka tu kama kuku."

Ndivyo alivyoingia, kwa mara ya kwanza tangu maduka ya baba yake yawe mikononi mwake. Mwaka mzima aliyaendesha akiwa Auckland, kwa kompyuta, akituma amri zilizojaa alama za mshangao. Sasa alikuwa amepanda feri mpaka kisiwa cha Savai'i ili afunge duka moja. Hakusalimia watu ipasavyo, na kakao aliyopikiwa aliiacha ikapoa.

Aliweka kompyuta juu ya kaunta. Ile programu ya hesabu aliisomea kozi Mei mwaka jana, kozi ambayo, kama alivyopenda kujigamba, hakuna jambo duniani lingemfanya aikose. Ilipanga miaka miwili ya fedha bega kwa bega, mwezi kwa mwezi: mwaka uliopita kwa buluu, wa sasa kwa nyekundu. Kwa mtu kama Fereti, elimu yote iliishia hapo.

"Mama Salilo, si wewe ndiye msimamizi? Hebu nisomee hapa."

Salilo alikuwa akiuza katika duka lile tangu Fereti akiogeshwa kwenye beseni. Alivaa miwani. "Mei."

"Mei! Miezi mingine mnajikongoja sawa na mwaka jana. Mei mmeporomoka, hata theluthi ya ile ya mwaka jana hamkufika. Mlikuwa mmelala?"

"Tulifanya kazi kama kawaida, bosi."

"Hiyo kawaida yenu ndiyo ugonjwa wenyewe. Mwaka jana mliuza nini?"

"Nyama ya kopo, makatoni kwa makatoni. Samaki wa kopo, biskuti. Vitambaa vyeupe viliisha, tukaagiza vingine mjini Apia."

"Mlipunguza bei?"

"Hakuna aliyeuliza bei."

Fereti aliipiga kaunta kofi la furaha. "Mnasikia? Hakuna aliyeuliza bei! Na hao wateja walitoka wapi?"

"Kila kijiji. Wengine walivuka bahari kutoka Upolu."

"Walijuaje?"

"Ilitangazwa redioni, asubuhi na jioni."

"Matangazo! Mzee wangu miaka yote na penseli yake sikioni, hakuwahi kufikiria hata tangazo moja. Tuseme ukweli jamani, mzee biashara hakuijua."

Wafanyakazi waliinamisha vichwa. Salilo alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo yake, akachelewa kuivaa tena. Fereti alidhani ni woga, na akafurahi, maana alikuwa wa wale wanaopenda kuogopwa kuliko kupendwa.

"Sasa sikilizeni. Naitaka Mei ile. Mkinionyesha itakavyorudi, duka linabaki na kazi zenu zinabaki. Mkishindwa, leo hii nafunga, kila mtu akalime magimbi kwao."

"Tafadhali, bosi, duka hili ndilo linalotulisha," alisema Salilo. "Lakini Mei ile hairudi."

"Hairudi kwa nini? Wateja hawaoti kama uyoga, mama. Kuna mtu aliyewavuta. Yupo au hayupo?"

"Alikuwepo mmoja."

"Mnaona! Mtu mmoja mwenye akili kuwashinda nyote, halafu mnamficha. Mleteni hapa. Huyo ndiye atakayesimamia duka hili, na wewe, mama, utakwenda kupumzika."

"Hawezi kuja, Fereti."

Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kumwita kwa jina, na halikumpendeza.

"Hawezi, au anaringa? Basi nitamfuata mwenyewe. Anakaa mbali?"

Salilo alitazama nje, kule kwenye mshelisheli.

"Si mbali," alisema. "Lile jiwe la kaburi ulilosema unalituma kutoka Auckland halijafika mpaka leo, mwanangu, ndiyo maana hukujua kwamba umeegesha gari juu ya baba yako."