Ncha ya Kidole

Kidole changu cha shahada, cha kushoto, hakikuhisi kitu.

Nilikipitisha tena kwenye mkono wa bibi, taratibu, nikiutafuta mshipa. Ngozi yake ilikuwa nyembamba kama karatasi. Mwenye ganda nilikuwa mimi. Nyuzi za gitaa la flamenko zilikuwa zimenitia sugu, na jana tu mwalimu aliisifu: "Sasa umeanza kuwa mpigaji."

"Vipi leo, muuguzi wangu?" bibi akauliza. "Wenzako hunitoboa kama chujio. Wewe huwa unapata mara moja."

"Tulia kidogo, bibi."

"Mimi nimetulia. Wewe je?"

Nikatazama. Vidole vyangu vya kulia vilikuwa vinacharaza shuka, kimoja baada ya kingine, kuanzia cha mwisho, kama nilivyofundishwa kwenye gitaa. Nikavikunja.

Ningeweza kumwita mwenzangu. Alikuwa hapo mlangoni tu.

Nikajaribu kidole cha kulia, ambacho bado ni laini. Mshipa ukabonyea, ukarudi. Upo!

Nikakiacha kidole papo hapo, nikachukua sindano kwa mkono wa kushoto, ambao haujawahi kumchoma mtu.

"Haya, mjukuu wangu," bibi akasema, akageukia ukutani. "Kwako sina wasiwasi."