Kaburi la Mzee Uweso

Mnyororo wa mpimaji ulinyooka uani, ukafika kwenye kaburi, ukaishia hapo.

"Nguzo ya saruji ya mpaka ingepaswa kuwa papa hapa," alisema Bwana mpimaji, Mzungu aliyekijua Kiswahili. Akaitazama ramani, akalitazama tuta la mchanga.

Semeni alisimama na kata ya maji mkononi. Nyuma yake, kizingitini, kaka yake Sadalla alikaa amekumbatia magoti. Tangu mgomo wa bandarini Mombasa alikuwa akitafutwa, na Sajini Hatibu wa polisi ya Kenya alimfuata mpaka huku Horohoro, pingu kiunoni. Lililomzuia ni moja tu: hapakuwa na aliyejua kwa hakika nyumba ile iko nchi gani, Kenya au Tanganyika.

Nguzo ikionekana huku uani, nyumba ni ya Kenya, na Sajini anaingia. Isipoonekana, itabidi aandike barua Tanga, amngoje hakimu.

"Sadalla!" Sajini aliita. "Usishibe sana. Cha jioni utakula kwangu."

"Wapika nini, afande?" Sadalla alijaribu kucheka. Kicheko hakikutoka.

Sajini akaligeukia kaburi. "Lifukuliwe."

"Mumfukue baba yangu?" Semeni aliuliza taratibu. "Mzee Uweso hata arobaini yake haijatimia." Akamimina maji juu ya tuta, pale upepo ulipokuwa ukipeperusha mchanga.

Mpimaji akavua kofia. "Sajini, Tanganyika ni nchi ya udhamini. Nikiusogeza mpaka kwa kukisia, nitajibu hadi Umoja wa Mataifa. Nguzo isipoonekana, mpaka unabaki pale watu walipouzoea." Akamgeukia Semeni. "Kesi zenu mwazipeleka wapi?"

"Tanga, Bwana. Tangu enzi za babu."

"Basi mimi sichimbi. Ukitaka, Sajini, chimba wewe."

Sajini akachukua sepetu. Alipiga hatua tatu. Semeni alizihesabu.

Kichwani mwa kaburi, juu ya msala, mzee mmoja alikuwa akisoma Yasini. Akanyamaza.

"Shikamoo, mzee," Sajini alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Ulimjua marehemu?"

"Nani amjue kunishinda mimi? Tumezaliwa siku moja."

"Mtu wa namna gani?"

"Mkaidi. Mkewe atakwambia." Mzee akaitazama sepetu. "Chimba, kama moyo wakutuma. Ila vua viatu kwanza."

Sajini alisimama. Jasho lilimshuka shavuni. Sepetu ilipanda kidogo, ikashuka, ikalala chini. Akavua kofia yake, akakunjua viganja.

Mzee akaomba dua ndefu, akiwataja walio chini ya ardhi na walio juu yake. Sajini akaitikia "Amina" kila mara, kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Nitaandika barua Tanga," alimwambia Sadalla akiondoka.

"Wasalimie," Sadalla akajibu. Safari hii kicheko kilitoka.

Semeni hakucheka. Alilitazama gari lao mpaka likapotea vumbini, akasubiri na vumbi nalo litulie.

"Haya, baba," akasema.

Mzee Uweso akainuka, akakunja msala wake kando ya kaburi lake, na kwa unyayo akaifunika pembe ya saruji iliyokuwa imeanza kuchungulia mchangani.