Muswada wa Kwanza wa Wakili Estep

Haya nilisimuliwa na jirani yangu Opal Jumapili iliyopita, tukichambua maharage barazani kwangu.

Mumewe alichimba makaa ya mawe mpaka vumbi likamkalia mapafuni. Wakili Estep alimtetea mahakamani miaka mingi, na jaji akasema sheria haiilazimishi kampuni ya mgodi kumtibu. Basi Estep akagombea ubunge wa jimbo, aende akaibadilishe sheria yenyewe. Tukampa kura zetu, akashinda.

Siku ya muswada wake Opal alikaa juu, kwenye viti vya wageni. Bungeni kule wana desturi yao: muswada wa kwanza wa mbunge mgeni huupinga wote kwa utani, halafu hugeuza kura kabla Spika hajafunga.

"Mgeni, sauti hiyo umeazima kwa mkeo?" mmoja akapaza.

"Rudi mahakamani, mwanangu, huku kuna wanaume!"

Ukutani taa za kura zikawaka nyekundu, zote isipokuwa yake. Estep akacheka. Alicheka hata akafuta macho kwa tai, akawapungia wenzake mkono, akingoja kijani.

Spika akagonga nyundo. "Muswada umeanguka. Unaofuata."

Hakuna taa iliyogeuka. Mdomo wa Estep ukabaki vilevile, meno nje.

Jioni mumewe Opal akauliza kutoka kitandani, "Wakili wetu ulimwonaje, mama?"

"Nilimwona anacheka."

"Afadhali. Basi mambo yamekwenda sawa." Akauweka sawa mpira wa hewa puani, akageukia ukutani, akalala.