Vita vya Kuazima

"Usiku ule wa daraja, mbwa alibweka upande gani?"

Dereva alijibu haraka. "Ng'ambo, afande. Mara mbili tu, kisha akanyamaza."

Meja mstaafu aliyeuliza aliandika jibu hilo. Alikuwa mzee mkavu, mgongo umenyooka, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Kazi yake katika hospitali hii ya jeshi ilikuwa moja tu, kuwasikiliza wastaafu waliosema walipigana vita vya zamani na hawana cha kuonyesha, maana kumbukumbu zote ziliteketea makao makuu yalipoungua. Humu huulizwi karatasi. Unaulizwa maswali. Ukijibu kama mtu aliyekuwepo, wewe na mkeo mnatibiwa bure mpaka mnaingia kaburini. Ukibabaika, unaonyeshwa geti.

Na Dereva hakuwepo. Vita viliisha mwezi mmoja kabla hajala kiapo. Ujana wake wote aliumalizia kwenye malori ya jeshi, mchana jua, usiku baridi, mpaka lori lilipopinduka mazoezini likamvunja kiuno. Siku ya kuagwa alipewa mkono na ahsante, basi. Wenzake waliopigana vita walipewa viwanja, matibabu, na viti vya mbele kila penye sherehe. Yeye akiuliza, vijana wa ofisini wanacheka: "Wewe ni askari wa amani, mzee. Ulipigana na nani?" Utadhani lile lori lilikuwa linamtania!

Leo lakini hakuja kugombea kiti cha mbele. Mkewe alikuwa koridoni kwenye machela, utumbo umejisokota, tumbo limekaza kama ngoma. Hospitali ya raia walimwambia daktari wa upasuaji yuko safarini, arudi wiki ijayo. Wiki ijayo! Mwanamke huyu hata kesho alikuwa haioni, na Dereva alilijua hilo vizuri kuliko daktari yeyote.

Ndiyo maana asubuhi alikwenda kumpigia magoti jirani yake, Bazuka. Mtaa mzima ulijua kuwa Bazuka alipigana, ingawa mwenyewe hakupenda kuyazungumza. Alikataa, akakataa tena, mpaka aliposikia ukelele wa mgonjwa ng'ambo ya ukuta. Hapo akamkalisha Dereva jikoni, akamfundisha usiku mmoja tu, usiku wa daraja. Ukungu. Mbwa. Sajini na kiatu chake.

"Usiongeze neno," alimwonya. "Na mimi usinitaje. Umesikia, ndugu yangu? Usinitaje kabisa."

Dereva aliusifu moyoni unyenyekevu ule. Shujaa mzima, na hata homa ikimshika hakanyagi hospitali ya jeshi, anajinunulia vidonge dukani! Kweli wapo watu wasiopenda makuu.

"Na sajini wenu?" aliuliza Meja.

"Alikuwa na kiatu kimoja, afande. Kingine kilinasa topeni, akakiacha."

Meja aliishusha miwani, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Hilo la kiatu halijawahi kutangazwa popote," alisema polepole.

"Ndiyo, afande."

"Ulikuwa kikosi cha sajini yule? Upande huu wa mto?"

"Upande huu, afande."

Koridoni sauti nyembamba iliita, "Baba watoto… baba watoto, uko wapi?" Dereva alishindwa kujizuia. Machozi yalimtoka mbele ya mkubwa wake, akayaacha yamwagike, aibu aliisahau kitambo.

Meja alifungua mlango. "Mwingizeni mama chumba cha upasuaji. Mwambieni daktari ajiandae sasa hivi. Huyu ni mtu wa daraja."

Magurudumu ya machela yalipiga kelele yakipita. Dereva alitaka kumbusu mzee wa watu mikono. Mungu mkubwa! Uongo wake wa kwanza maishani, na umekubaliwa bila hata kugombezwa.

Meja alinyanyua simu ya mezani, akasema maneno mawili matatu kwa sauti ya chini, kisha akarudi kukaa.

"Miaka yote nimekaa kiti hiki, nikimngoja mmoja wenu tu," alisema. "Mmoja tu. Nilikwishakata tamaa."

Dereva alisimama, akidhani anakwenda kukumbatiwa. Walioingia walikuwa askari wawili wenye pingu.

"Kikosi chenu kiliogopa," alisema Meja. "Mkalipua daraja, mkakimbia, na wenzenu wako ng'ambo wanawapigia kelele muwasubiri. Sajini wenu alipojaribu kuwazuia, mlimpiga risasi. Tulimkuta hapo hapo, na kiatu chake kimoja. Mdogo wangu alikuwa ng'ambo."

Upande wa pili wa ukuta vyombo viligongana, na sauti ya muuguzi ikasikika ikimwambia mama avute pumzi, asiogope, atalala kidogo tu.

"Mahakama ya kijeshi haijawasahau," Meja aliendelea. "Kamba ya kunyongea haijawasahau. Au labda umenidanganya? Sema. Sema hukuwepo, nimwite daktari aache, umchukue mkeo mwende zenu nyumbani."

Dereva aliusikiliza ukuta mpaka sauti ya muuguzi ilipokoma. Kisha akanyoosha mikono yote miwili mbele.

"Nilikuwepo, afande."